Kidonge cha Pili

Uso wa Etiye Asnakech ulikuwa umejaa upele mwekundu, toka paji hadi kidevu, na mwenyewe alishaapa kwamba amelishwa sumu. Inspekta Wubishet akaitwa hospitalini, Addis Ababa, asubuhi hiyo hiyo.

Maabara ya polisi ikaleta jibu lisilotarajiwa. Vidonge vya mama huyo havikuwa na sumu. Vilikuwa na dawa.

"Hapo ndipo penye kosa," alisema Daktari Hiwot, msimamizi wa jaribio la matibabu ya saratani ya mapafu. "Wote wanatundikiwa dripu ya dawa. Nusu wanaongezewa kidonge chenye dawa ya pili, nusu wanapewa cha unga mtupu kinachofanana nacho. Hawaambiwi nani kapata kipi. Asnakech ni wa unga."

"Hiyo dawa huleta upele?"

"Kwa wengi."

Wubishet hakusomea dawa, lakini alijua kilichozidi hapa kimepungua kule. Akapita kwenye mabenchi ya wagonjwa akimtafuta aliyetakata uso. Akampata Gashe Getnet, mzee fundi cherehani, makovu tele, upele hakuna. Maabara ikazikuta alama za vidole vyake ndani ya kifuniko cha chupa ya Asnakech.

"Ulibadilisha vidonge, Gashe?"

"Mwanangu, mgonjwa haulizwi."

"Haulizwi uji. Maswali anaulizwa."

Mzee akakohoa, akaukazia macho ukuta.

"Alipokwenda kupigwa picha aliniachia mkoba nimlindie. Tulianza siku moja, Inspekta. Yeye ananenepa. Binti yake karudi kutoka Beirut, anamtilia matonge ya doro wat, mchuzi wa kuku, mdomoni, mbele yangu. Mimi naishi peke yangu, najikuna kama mbwa wa sokoni. Nikajua yeye kapewa nzuri, mimi mbovu. Wivu ulinikaba kuliko hiki kifua."

"Kilichomnenepesha ni mkono wa binti yake. Dawa ulikuwa nayo wewe."

Getnet akamgeukia daktari. Hiwot alikuwa ameshika picha za mapafu.

"Uvimbe wako ulishapungua nusu," alisema. "Sasa umerudi, na umezidi ulivyokuwa."

Wubishet alimkasirikia mzee yule na kumhurumia kwa pamoja. Akasubiri aulize habari za jela. Hakuuliza.

"Na wake Asnakech?" aliuliza Getnet.

Daktari akatoa picha nyingine. "Umeanza kupungua."

Mzee akatikisa kichwa polepole.

"Hata hicho kidonge," akasema, "kapata yeye."