Waliokaribishwa na Nyumba

Siku ya Jumanne, saa saba mchana, mlango wa Emiliana ulifunguka wenyewe, na sauti yake ikasema kutoka ukutani, "Karibu, pita ndani." Yeye alikuwa ameketi sebuleni akichambua kunde, kinywa kimefumbwa. Akageuka amwone mgeni. Mlangoni palikuwa na jua tu, na vumbi la mji mdogo wa Nduguti, na kuku mmoja akikimbia kama amefukuzwa.

Sauti yenyewe haikuwa ajabu. Leonard, mwanawe wa pekee, fundi umeme kule Dodoma, ndiye aliyeijaza nyumba vifaa baada ya kiharusi kumlegeza mama yake mguu wa kulia. Na tuseme ukweli, vilimfaa sana. Taa aliziamuru kwa mdomo, pampu ilijaza tenki ikajizima, birika lilichemka kabla hajashuka kitandani. Juu ya kila mlango palikuwa na kijicho kinachohesabu watu, ili Leonard aone kwenye simu yake kama mama yuko salama. Na kwa kuwa kutoka kitini hadi mlangoni kulimchukua Emiliana muda mrefu, Leonard alimrekodi akikaribisha, akaufundisha mlango kwamba ukisikia hodi, ujibu na kufunguka.

"Ufundishe usubiri hodi ya tatu," Emiliana alimwambia siku ile. "Jua la utosini, hodi ya kwanza haiitikiwi. Bibi yako alinikataza tangu nilipoolewa. Binadamu anayekutafuta atarudia. Wale wengine hubisha mara moja tu."

Leonard alicheka mpaka akashika ukuta. Wageni watachoka na kuondoka, alisema, akaufundisha mlango kuitika hodi ya kwanza. Msomi yule, lakini kwa ubishi, Mungu amsamehe.

Walikuwa wamekubaliana jambo moja: Emiliana akishindwa kuishi peke yake, Leonard atamhamishia Dodoma na nyumba itauzwa. Nyuma ya nyumba hiyo amezikwa Gaspari, mume wake, na yeye alitaka kulala pembeni yake siku zake zikifika. Ndiyo maana Jumanne ile aliufunga mlango, asimwambie Leonard.

Jumatano, saa ileile, hodi aliisikia. Ilikuwa moja, ya chini, kama ya mtu mwenye maji kinywani. Sauti yake ikakaribisha, mlango ukafunguka, na ikaingia harufu ya tope la ziwa la chumvi, nzito, katikati ya kiangazi ambapo hata kisima cha shule kimekauka. Harufu ilimpita pale kitini. Chumba cha wageni kikawaka taa.

Jioni Leonard alipiga simu kupitia kisanduku cha sauti cha ukutani kama kawaida yake. Baada ya shikamoo akasema kwa furaha kwamba anaona mama ana mgeni, kijicho kinaonyesha watu wawili. Emiliana aliutazama mlango wa chumba cha wageni. Akajibu kwamba ni Severina jirani, wanapiga soga. Uongo huo ndio uliomponza.

Alhamisi kijicho kilihesabu watatu, Ijumaa wanne. Sasa alisikia miguu mitupu iliyolowa ikitembea kwenye sakafu, ikisimama anaposimama yeye, na birika likichemka bila kuamriwa, na vikombe vikigongana jikoni taratibu, kama watu wanaoogopa kumwamsha mwenye nyumba. Akakisogelea kisanduku, akakinong'oneza kwamba kuanzia leo kisimkaribishe mtu yeyote.

"Tumesikia, mama," kikajibu kwa sauti yake. Neno hilo Leonard hakuwahi kulirekodi.

Jioni Leonard hakuwa na furaha tena. Kila siku mtu anaongezeka, sasa ni wanne, na mama hasemi ni kina nani. Alisema Jumapili anakuja, na kama mambo yamemshinda, atarudi naye Dodoma. Emiliana akaapa kwamba hayajamshinda. Alilia baadaye, uso kwenye kanga, ili wasimsikie.

Jumamosi asubuhi alijikongoja hadi kwa Severina, akamweleza yote. Severina hakucheka. Alimwacha pale, akaenda kwa mzee Idrissa, anayetibu watu wenye mashetani, akarudi na maneno yake.

"Mzee anasema hawafukuziki, Mama Leonard," alinong'ona. "Wameingia kwa neno la karibu la sauti yako. Wasindikize kama wageni wengine. Wafikishe kwenye ua wako wa minyaa, waage, urudi bila kugeuka."

Saa saba mchana Emiliana alisimama sebuleni na fimbo yake, akasema, "Haya wageni wangu, nawasindikiza." Akatoka. Nyuma yake miguu iliyolowa ikatoka pia, mmoja, wa pili, wa tatu, halafu hakuweza tena kuhesabu, na harufu ya tope ikamfunika mabega, na kila alipoburuta mguu wake mbovu, miguu ile nayo ikaburutwa vilevile, polepole, kwa heshima zote, uani, kando ya kaburi la Gaspari, mpaka kwenye ua wa minyaa ambapo tangu alipoolewa ndipo alipoagana na wageni wake. Hapo aliwangoja wampite, awaage. Hawakumpita. Walisimama nyuma yake kama asimamavyo mwenyeji anayemaliza kusindikiza, kisha miguu ile ikageuka na kurudi nyumbani bila haraka.

Ndipo akaelewa ni nani aliyesindikizwa.

Mlango ulijifunga, kitasa kikalia. Alirudi akiburuta mguu, akapiga hodi, akapiga ubao kwa fimbo, akaomba. Mlango haukuitika. Kelele zake zikamleta Severina mbio, akamshika mkono asianguke. Wote wawili wakasikia, kupitia dirishani, sauti ya Leonard ikitoka ukutani kumjulia mama hali, na sauti ya Emiliana ikimjibu kwa utulivu: ni mzima, wageni wameondoka, asijisumbue kuja kesho.

"Leonard! Usimsikilize!" Emiliana alipiga kelele. Ndani, simu ilikuwa imeshakatwa.

Severina alimpigia Leonard kwa simu yake, akaweka spika. Alimwambia kwamba mama yake amefungiwa nje, aje leo leo.

"Mama Severina, nimeongea naye sasa hivi, yuko ndani," Leonard alisema. Halafu sauti yake ikashuka. "Sasa huyo uliyemshika hapo nje ni nani?"

Severina akamtazama Emiliana usoni kwa muda mrefu. Kisha akauachia mkono wake.