Nesi Asiyekuwepo

Kuna watu hawawezi kucheka mpaka mwenzao alie, na mwalimu huyu alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kufundisha vijana kulinda kompyuta za kampuni dhidi ya wezi wa mtandaoni, na kazi aliijua kweli, tusimnyime haki yake. "Kompyuta haina huruma wala woga," aliwaambia. "Ndiyo maana mwizi atakuja kwako wewe."

Ili wazoee, aliwapigia simu za hila. Alijifanya nesi, akamwambia mwanafunzi kwamba mzazi wake amezirai, faili la matibabu halifunguki, atoe neno lake la siri upesi. Aliyelitoa, kesho yake rekodi ya simu ile ilisikilizishwa darasa zima. Safari moja akamchagua binti ambaye mama yake alikuwa mahututi kweli. Alijua, na ndiyo maana akamchagua. Binti alilitoa neno huku analia.

Rekodi ilipochezwa, darasa lilicheka, kisha likatega sikio. Nyuma ya sauti ya nesi palikuwa na sauti nyingine, ya chini, ikirudia kila neno kama mtoto anayejifunza kusoma. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Mwalimu akasema ni hitilafu ya simu, akafungua madirisha.

Tangu hapo nesi akawa anapiga mwenyewe. Vijana walilalamika kwamba anawasumbua hata siku za mapumziko. Mwalimu akaapa si yeye, lakini nani angemwamini? Binti yule akaacha mafunzo. Siku ya kuondoka alimwambia mwalimu kwa sauti ya chini, "Umemsemea mtu asiyekuwepo mara nyingi mno. Sasa yupo."

Zamu ikamfikia mwalimu mwenyewe. Mchana mmoja, katikati ya somo, simu ililia, na aliyesema alikuwa nesi kwa sauti ya mwalimu: mama yako ameanguka. Alikimbia nyumbani viatu mkononi. Akamkuta mama anachambua mchele, akimshangaa. Aliporudi, bosi alimwambia akitoroka tena atafute kazi kwingine.

Wiki iliyofuata simu ikaja tena, saa ileile ya mchana, na harufu ile ikaja nayo. Safari hii hakukimbia. Alifanya kile alichowafundisha wengine miaka yote: akakata, akampigia mama kwa namba aliyoijua.

"Mimi mzima, mwanangu," mama alijibu. "Endelea na kazi."

Akaendelea, moyo umetulia, hata akawatania wanafunzi kwa woga wao. Jioni alipofungua mlango wa nyumbani harufu ya nywele zilizoungua ilimpokea, akaita mama, kimya, akapita sebuleni, akaingia jikoni ambako bomba lilikuwa wazi na maji yametapakaa sakafuni, na hapo, katikati ya maji, mama alikuwa amelala ubavu, baridi, mwili umekwisha kukakamaa, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea meza ilipokuwa simu yake, mbali asipoweza kuifikia. Jirani aliyefuata kilio cha mwalimu alisema kishindo alikisikia mchana, akadhani ni sufuria.

Mwalimu alipiga magoti majini, akamkumbatia mama yake, akalia kwa majuto yasiyo na dawa.

Ndipo simu ikatetemeka mfukoni mwake. Ile ya mama bado ilikuwa mezani, imezimika, lakini jina kwenye kioo cha simu yake lilikuwa Mama.

"Mwanangu," sauti ikasema, ya upole uleule wa siku zote, "mbona umeacha kazi?"