Nambari ya Bi Samiha

Kila asubuhi ya likizo ya Aprili, Basma aliosha vyombo, akafagia uwanja, kisha akaketi barazani na kompyuta ya chama. Mamake alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa wao, Ziwa la Ng'ombe. Mwanachama akifariki, wenzake huchimba kaburi, hupika, na akiwa mwanamke, wanawake wa chama humwosha na kumvika sanda.

Kwa miaka kumi na saba, habari za msiba zilipelekwa na Mzee Tinga. Alitembea mlango hadi mlango, akibisha na kutaja jina la marehemu na saa ya maziko. Lakini wanachama walikuwa wameongezeka hadi mia mbili na kumi na wawili, na magoti ya Mzee Tinga hayakuongezeka nguvu. Ndipo kamati ikaamua kutumia programu ya kompyuta: katibu anaandika ujumbe mmoja, nao unafika kwenye simu zote papo hapo.

Mtaalamu aliyewaletea programu hiyo, Caroline, hakuwa mtu wa pupa.

"Wiki mbili tutaandika majina na nambari za simu," alisema. "Halafu tutatuma ujumbe wa majaribio. Halafu kwa mwezi mzima, programu na Mzee Tinga watafanya kazi pamoja. Kitu kipya hakiaminiwi siku ya kwanza."

Basma alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na vidole vyepesi, kwa hiyo kazi ya kuandika alipewa yeye. Caroline alimwambia, "Ambaye huna nambari yake, mwache kwenye daftari. Usibahatishe."

Basma alifanya kazi vizuri, tusimnyime haki yake. Kufikia Ijumaa ya wiki ya pili alikuwa amebakisha jina moja tu, Bi Samiha. Mwanamke huyo alikuwa amehamia kwa mwanawe huko Mwakirunge, kupita jaa la taka. Simu yake ya zamani iliibwa, na nambari mpya hakuna aliyeijua. Nyumba yenyewe ilijulikana na Mzee Tinga peke yake, naye aliahidi kumpeleka Basma siku ya Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo, wenzake wa shule walikuwa wakienda ufuoni Nyali. Basma hakulala vizuri kwa kuliwaza jambo hilo. Mzee Tinga alipobisha asubuhi, alimkuta amekwisha kuvaa nguo za kutembelea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, twende Mwakirunge kabla jua halijawa kali."

"Nimeshaipata nambari, babu. Mwanawe Bi Samiha alipita hapa jana."

Maneno yalimtoka laini, hata yeye mwenyewe akashangaa. Mzee Tinga alimshukuru Mungu kwa ajili ya magoti yake, akarudi nyumbani.

Lakini programu haikukubali kisanduku kitupu. Kila Basma alipojaribu kuhifadhi jina bila nambari, maandishi mekundu yalijitokeza. Basi akabuni tarakimu kumi kutoka kichwani mwake, akabonyeza. Kompyuta ikaandika: wanachama 212 kati ya 212. Akaifunga, akakimbilia Nyali.

Jumatatu ujumbe wa majaribio ulitumwa: "Asiyepata ujumbe huu na aseme." Siku mbili zikapita, hakuna aliyesema kitu. Mwenyekiti, Mzee Yeslam, alifurahi mno.

"Basi mwezi mzima wa nini?" aliuliza. "Mzee Tinga na apumzike."

Caroline alijaribu kupinga, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. Mzee Tinga akafunga virago, akaenda kwao Kaloleni kuangalia minazi yake.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Kuluthum, mjane asiye na mtoto, ambaye ndiye aliyekuwa akimsuka Basma nywele. Siku moja, kitana kikiwa mkononi, alimwuliza, "Samiha naye mumemwandika katika hiyo mashine yenu?"

"Ndiyo, bibi."

"Alhamdulillahi. Mimi na Samiha tuliahidiana tangu tuko wasichana. Atakayetangulia, mwenziwe amwoshe. Mimi sina mtoto, Basma. Mikono ya mwisho kunigusa nataka iwe ya mtu anijuaye."

Basma alijiambia kwamba wiki ijayo angekwenda Mwakirunge aimalize kazi yake. Wiki ijayo ikaja na mambo yake, na nyingine vilevile.

Bi Kuluthum alifariki siku ya Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri. Mamake Basma aliandika ujumbe huku akilia, na kabla chai haijapoa uwanja ulikuwa umejaa watu. Programu ilifanya kazi yake sawasawa. Maziko yalipangwa kuwa baada ya swala ya adhuhuri.

Saa nne maji yalikuwa tayari, na sanda na kafuri pia. Wanawake waliulizana, "Samiha yuko wapi?"

Mamake Basma aliangalia simu. "Ujumbe ametumiwa pamoja na sisi sote." Akapiga ile nambari. "Haipatikani. Labda yuwaja, simu imemzimikia njiani. Na tumngoje kidogo."

Basma alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu. Alijua kwamba hakuna mtu aliye njiani. Angesema wakati huo, kijana mmoja wa pikipiki angeweza kutumwa Mwakirunge akaulize nyumba kwa nyumba, na huenda angempata. Aliufungua mdomo, akaona nyuso za watu wazima, akaona haya, akaufunga tena. Saa tano na nusu mamake alisema, "Hatuwezi kumchelewesha maiti." Mlango wa chumba ukafungwa, naye Basma akasikia maji yakimwagwa.

Siku ya nne, matanga yakiwa yameanuliwa, Bi Samiha alifika na kikapu cha mchicha. Alisimama mbele ya nyumba iliyofungwa, akaita jina la rafikiye mara mbili. Mamake Basma alimkimbilia, akamshika mkono, akamketisha barazani na kumweleza. Bi Samiha aliweka kikapu chini.

"Nani alimwosha?"

"Mimi na wenzangu watatu, bibi."

"Mlitia maji ya moto? Kuluthum alikuwa akichelea sana maji baridi."

"Yalikuwa ya vuguvugu. Bi Samiha, wallahi tulikutumia ujumbe."

"Simu yangu ni hii hapa. Haikulia."

Basma hakuweza kuvumilia tena. Alipiga magoti mbele ya Bi Samiha, akasema yote: Nyali, uongo aliomwambia Mzee Tinga, nambari ya kubuni, na jinsi alivyonyamaza mlangoni. Mamake alijifunika uso kwa leso. Bi Samiha alimtazama tu mtoto huyo, machozi yakimchuruzika.

Jioni hiyo kamati ilikutana. Mzee Yeslam hakumtupia mtoto lawama zote.

"Nami nina sehemu yangu," alisema. "Tuliagiza asiyepata ujumbe aseme. Asiyepata atajuaje kuwa kuna la kusema? Caroline alitupangia mwezi mzima, mimi nikaukata."

Mzee Tinga aliitwa kutoka Kaloleni, na programu ikaanzishwa upya kwa mpango wa Caroline. Safari hii kila nambari ilipigwa mbele ya mwenyewe mpaka simu ikalia. Basma alizunguka na Mzee Tinga, daftari mkononi, bila kupumzika Jumamosi wala Jumapili. Waligundua wanachama wengine tisa waliokuwa wamebadilisha laini zao. Njiani mzee hakumkaripia. Alisema mara moja tu, "Ungeniambia ukweli, ningekwenda peke yangu," na jambo hilo lilimwumiza Basma kuliko fimbo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ile ya Mwakirunge. Bi Samiha aliwakaribisha, akataja nambari yake polepole. Basma aliipiga, simu ikalia juu ya meza.

"Bibi, nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini msamaha wangu haumrudishi Kuluthum nikamwoshe. Sikia nikwambie. Uongo mwingine utaukiri kesho, mambo yakatengenea. Mwingine utaukiri, na kitu kishapotea. Unapousema hujui ni upi, kwa hiyo usiseme wowote. Na ukishakosa, sema mapema, hata kama waona haya. Ulipokuwa umesimama pale mlangoni, wakati ulikuwa ungalipo."

"Nimesikia, bibi."

Bi Samiha alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Sasa na mimi sina wa kuniosha. Niliyeahidiana naye ametangulia. Ukikua, mwambie mamako akufundishe kazi hiyo, kisha uje."

Basma alilia mpaka akashindwa kushika kalamu. Kisha akasema, "Nitakuja, bibi," na Mzee Tinga, aliyekuwa ameketi mlangoni, akawa shahidi.