Usiku wa Mjusi

Saa sita mchana, mjusi alikohoa.

Mama Kidoti, fundi cherehani, alisimamisha mguu kwenye pedali. Mjusi hulia, hilo alilijua, lakini hiki kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, na kilitoka ndani ya sanduku la kioo, chini ya kitambaa cheusi.

Kitambaa alikiweka mwenyewe. Muuza mijusi alimwambia taa mchana, giza usiku, kama jua lenyewe linavyofanya. Lakini mjusi yule huamka gizani, mchana hulala tu, na binti yake Kidoti, miaka minne, alilia kwamba anafugiwa gogo. Basi mama akageuza: usiku taa, mchana kitambaa, mtoto anaingiza kichwa chini yake kutazama. Wiki ya tatu sasa.

Kidoti alikuwa ameingiza kichwa humo sasa, akinong'ona. "Unaongea na nani humo?" mama aliuliza.

"Na bibi."

"Bibi gani?"

"Anasema nishushe sauti, utasikia."

Mama Kidoti alimpigia simu mama mkwe wake, akinong'ona kama mwizi. Mama mkwe akamjibu: "Mwanangu, umewatengenezea mashetani usiku mchana kweupe, halafu unaniuliza nani kaingia? Mtoe mtoto hapo. Nakuja na mganga."

Mganga, mwanamke mwenye mfuko wa plastiki, alisoma dua na kunyunyiza maji, na chumba kikaanza kunuka utambi uliozimwa, na kioo kikapata ukungu kwa ndani, na kwenye ukungu ule kikajichora kiganja, vidole vitano virefu, kikashuka taratibu hadi chini, na mganga alipovuta kitambaa, mjusi hakuwemo, ila ngozi yake tu, nzima, tupu, imesimama kwa miguu minne.

"Ametoka," mganga alisema, akinawa.

"Kaenda wapi?" Mama Kidoti aliuliza.

Mganga alikuwa anavaa viatu.

Kesho yake saa sita, Kidoti alikuja akasimama karibu na cherehani.

"Mama, zima taa. Nataka kuamka."

"Haijawashwa, mama."

Mtoto alinyoosha kidole dirishani, kwenye jua, akilikodolea macho bila kupepesa. Kisha akakohoa, kikohozi kilekile.

Mama Kidoti hakulia. Alichukua kitambaa cheusi, akamfunika mwanawe kuanzia kichwani, akachomekea pindo vizuri miguuni. Halafu akarudi kukaa, akakanyaga pedali, akashona kipande cha nguo bila uzi kwenye sindano, ili asisikie mtoto na yule bibi wanavyoongea mle ndani.