Dohani ya Hema la Mama Gáren

Mwezi wa Aprili, kule Finnmark, nchi ya theluji ya kaskazini, kulungu wa kufugwa hawangoji ruhusa ya mtu. Majike wenye mimba hugeuza vichwa kuelekea pwani, wanakozalia kila mwaka, na mwenye mifugo hana budi kuwafuata. Ndiyo maana nyumba ya Ravna na mumewe Issát ilikuwa na pilikapilika asubuhi ile. Sleji za kuburuta mizigo zilikuwa zinafungwa nyuma ya pikipiki za theluji. Nyama kavu ilikuwa inakatwa. Nje uani, hema jipya lilikuwa limesimamishwa ili lijaribiwe.

Ndani ya hema alikaa Mama Gáren, mama yake Issát. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alikaa juu ya ngozi za kulungu zilizotandikwa juu ya matawi ya mti wa mbetula, na kikombe cha kahawa mkononi. Ndani ya kahawa alikuwa ametia vipande vya jibini, kama alivyozoea.

"Mwaka huu nakwenda," alimwambia Ravna. "Mwaka jana mliniacha kwa ajili ya goti. Goti limepona. Nataka kuwaona ndama wakizaliwa."

"Utakwenda, mama," alisema Ravna. "Nani atakuzuia?"

Ravna alimpenda sana mama mkwe wake. Mwanamke yule alifuata kulungu tangu akiwa mtoto mgongoni, na hakuna aliyemshinda kusoma theluji.

Issát aliingia na kuni. Jiko lilikuwa dogo, la chuma, la kubebeka. Dohani, yaani bomba la kutolea moshi, aliitengeneza mwenyewe. Alichukua mabomba ya bati yaliyobaki walipoweka mfumo wa hewa nyumbani. Yalikuwa mepesi, nayo yaling'aa.

"Tazama," alisema kwa fahari. "Kitu kinachovutwa kilomita mia mbili kwenye theluji lazima kiwe chepesi. Hili nalibeba kwa kidole."

Aliwasha moto. Akatia kuni kavu, akaongeza tena. Kipande cha chini cha bomba kikaanza kuwa chekundu. Bati likababuka. Ukatoka mvuke mweupe wenye ladha ya chuma, na Ravna akahisi ulimi umekuwa mtamu kwa namna mbaya.

"Issát, huu si moshi wa kuni," alisema. "Mama, tutoke."

Mama Gáren alicheka. "Mimi nimezaliwa kwenye hema la moto wa wazi. Moshi tuliunywa kama maziwa. Moshi haumuui mtu!"

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa la watu waliolelewa na moshi. Katika hema la zamani, tundu la juu liliachwa wazi na moshi ukajiendea. Katika hema hili jipya, Issát alikuwa ameziba tundu lote kwa kitambaa, akibana bomba ili joto lisitoke. Mvuke ulikosa njia. Mama Gáren akakohoa, akakohoa tena, mpaka kikombe kikamponyoka. Ravna alimshika kwapani akamtoa nje.

Kufika jioni, mama alikuwa anatetemeka kwa homa, na kifua kinambana. Walimpeleka kituo cha afya, na nesi akampima na kuuliza maswali. Aliposikia habari za bomba, alitikisa kichwa.

"Ni mvuke wa zinki," alisema. "Mabomba hayo hupakwa zinki ili yasishike kutu. Yakipata moto mkali, zinki inakuwa sumu. Homa itaondoka baada ya siku moja au mbili. Lakini asiuvute tena."

Walipofika nyumbani Issát alisema, "Mama atabaki. Kulungu wataondoka baada ya siku tatu. Siwezi kumlaza kwenye hema lisilo na moto, na siwezi kumuua kwa mkono wangu."

Mama Gáren alilisikia neno hilo kitandani. Aligeukia ukutani. Jambo hilo lilimuuma Ravna kuliko machozi.

Asubuhi yake Ravna alivaa buti akaenda kwa jirani yao Sunná. Sunná alikuwa fundi wa kuchomelea. Banda lake lilijaa majiko ya watu, na kila aliyelala hemani katika mbuga zile alilijua jina lake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono myeusi kwa masizi na mdomo usio na breki.

"Bati la zinki!" alisema Sunná. "Mume wako ana akili za kuhesabu kulungu elfu bila kukosea, lakini jiko amelitengeneza kama bafu. Twende."

Issát alikuwa uani. Alishika bomba jingine, la alumini, laini na lenye mikunjo kama koo la ndege. Lilitoka kwenye mashine ya kukaushia nguo.

"Hili halina zinki," alisema haraka. "Na ni jepesi zaidi."

"Kata kipande unipe," alisema Sunná.

Alikichukua, akakiweka juu ya makaa mekundu ndani ya jiko. Wote watatu wakainama kutazama. Kipande kikakunjamana. Kisha kikayeyuka kama samli, kikadondoka matone matone kwenye majivu.

"Sasa fikiria mama yako amelala chini yake," alisema Sunná.

Issát aliliweka lile bomba chini polepole. "Nimekuelewa, fundi. Basi lipi linafaa? Lile la chuma cheusi alilokuwa nalo baba?"

"Lile linafaa. Lakini ni zito, na lisipokaushwa vizuri kutu hulila. Mimi nakushauri chuma cha pua. Hiki hapa." Alichomoa bamba jembamba la kijivu. "Hakishiki kutu, hakipakwi kitu cha kutoa sumu, na kikiwa chembamba hivi, ni chepesi. Kipande cha chini kinachogusa jiko tutakifanya kinene kidogo, kwa sababu ndicho kinachopigwa na moto."

Ravna alimtazama akifanya kazi, na moyo wake ukajaa heshima. Mikono ile haikupoteza hata harakati moja. Alikunja bamba, akachomelea mshono, akapima kwa vidole tu, na vipande vikaingiana sawasawa. Vyote vingeingia ndani ya jiko wakati wa safari, kama vikombe vilivyopangwa.

Issát alipoanza kuviunganisha, Sunná alimpiga kofi mkononi.

"Umegeuza! Kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini. Lami ya moshi ikiteremka, iteremke ndani, irudi jikoni ikaungue. Ukigeuza, itavuja nje, na siku moja itashika moto."

"Lakini moshi hautatoka kwenye viungo?"

"Dohani ikiwa ndefu kupita kilele cha hema, inavuta yenyewe. Moshi haugeuki nyuma."

Pale bomba linapopita kwenye kitambaa, aliweka bamba pana lenye pindo la kitambaa kisichoungua, ili chuma cha moto kisiguse hema. Juu kabisa aliweka wavu wa kuzuia cheche. Aliwaambia wausugue kila siku mbili, kwa maana kuni mbichi huuziba kwa masizi.

"Na chini ya hema muache upenyo wa hewa," alisema. "Tena mtundike hiki." Alimpa Ravna kifaa kidogo cheupe. "Kuna gesi ya sumu itokayo motoni, isiyo na harufu. Pua haiijui. Hiki kinaijua, kitapiga kelele."

Waliwasha moto wa kwanza pasipo mtu ndani ya hema, wakatazama kutoka nje. Baada ya robo saa, bomba likageuka rangi. Likawa la dhahabu, kisha buluu.

"Limeharibika!" Issát alishtuka.

Sunná alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndivyo chuma cha pua kinavyojipamba kikizoea moto. Hakibabuki. Gusa ukitaka kuungua, lakini sumu hupati."

Mama Gáren alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba, amejifunga shali. Homa ilikuwa imekwisha. Alimwambia Sunná, "Mwanangu, mikono yako ibarikiwe." Kisha akaingia ndani kufunga mzigo wake, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Waliondoka siku ya tatu. Siku ya sita ya safari, dhoruba iliwakamata kwenye tambarare. Kundi lilitawanyika. Ravna na Issát walitoka asubuhi kuwakusanya kulungu, wakamwacha mama hemani. Walirudi alasiri, theluji ikiwapiga usoni. Issát alikuwa amepoteza kinga moja ya mkono. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, hata zipu ya koti hakuweza kuishika.

Walipofungua mlango wa hema, joto likawapokea. Moto ulikuwa unaungua taratibu. Hewa ilikuwa safi. Chungu cha mchuzi wa nyama kilikuwa kinachemka.

"Usiisogeze mikono karibu na jiko," alisema Mama Gáren. "Njoo hapa."

Alifungua shali na sweta, akaichukua mikono ya mwanawe, akaiweka kwenye tumbo lake mwenyewe. Aliguna kwa ubaridi, lakini hakuiachia. Alikaa naye hivyo kwa muda mrefu, mpaka vidole vikaanza kuuma na wekundu ukarudi.

"Issát," alisema hatimaye.

"Naam, mama."

"Nani alisema nibaki nyumbani?"

Issát aliinamisha kichwa begani kwake. "Mpumbavu mmoja, mama. Humjui."

"Namjua sana," alisema Mama Gáren. "Nilimzaa mwenyewe. Ravna, mpe mchuzi."