Taya la Mzee Hebroni

Blenda ilibaki moja, na walioitaka walikuwa wawili.

Ilikuwa Jumamosi, msimu wa kakao, na duka la vifaa vya umeme la Ezra katikati ya Kyela mjini lilikuwa limejaa watu waliotoka Ipinda na Bujonde, wakigombania redio, pasi na taa za sola. Tulinagwe alishika upande mmoja wa boksi. Upande wa pili ulishikwa na kijana mrefu mwenye shati la maua na kandambili zilizojaa mchanga wa ziwani.

"Dada, achia. Nimewahi mimi."

Tulinagwe alikaza vidole. Alivuta.

"Nasema na wewe! Nimetoka Matema kwa ajili ya hii. Blenda ya kibanda changu imeungua, wateja wa juisi wananikimbia."

Alivuta tena. Alivaa gauni la kitenge cha bluu, limemkaa vizuri kiunoni, na mtandio mweusi uliomfunika kuanzia puani hadi shingoni. Yalibaki macho tu, na macho yenyewe yalikuwa makali.

"Huyu ni bubu au anaringa?" kijana akawauliza watu. Watu wakacheka.

Tulinagwe akauteremsha mtandio. Kicheko kikakatika. Mashavu yalikuwa yamevimba, kidevu kimevilia damu, na kati ya midomo iliyopasuka meno ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa vyuma na mipira midogo. Akatoa simu, akaandika, akamsogezea kijana mpaka karibu na pua: "Nimefanyiwa upasuaji wa taya. Sili kisichosagwa. Wewe unatafuta wateja, mimi natafuta uzima. ACHIA!"

Akaachia. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kimya.

"Basi nipe namba yako," alisema, "ili ukipona unitukane kwa mdomo. Matusi ya kuandika hayana ladha."

Tulinagwe akampa. Mwenyewe hakujua kwa nini. Labda ni kwa kuwa tangu atoke hospitali Dar es Salaam, huyu alikuwa wa kwanza kumgombeza bila kumlaani.

Maana nyumbani alikuwa analaaniwa. Tulinagwe alizaliwa na taya la baba yake, marehemu Mzee Hebroni: la chini limelitangulia la juu, kidevu kimechomoza mbele. Ukoo mzima ulikuwa nalo, na ulijivunia. Kwake yeye lilikuwa mateso. Meno hayakukutana, nyama aliimeza bila kutafuna, kichwa kilimgonga kila siku. Alipopata nafasi ya upasuaji alimdanganya mama yake kwamba anakwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka, kufuata vitenge vya kuuza sokoni. Akarudi na uso mwingine.

"Mimi nilizaa na Hebroni," Mama Marta alimwambia mlangoni, bila hata kumpokea mkoba. "Wewe sijui umezaliwa na nani. Heri ungenikata mimi mkono kuliko kuukata uso wa baba yako."

Tangu hapo waliishi kama wapangaji wasioelewana. Mama alipika wali wake na samaki, akala. Binti alisaga viazi, maharage na parachichi, akajisukumizia mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mdomo wa chini ulikuwa na ganzi, kwa hiyo udenda ulimtiririka bila yeye kujua. Mama akiuona, alisonya na kugeukia ukutani.

Kila jioni simu iliita. Kijana wa blenda aliitwa Andongwisye.

"Tuli, guna mara moja kama ndiyo, mara mbili kama hapana. Umekula?"

"Mm."

"Uji tena?"

"Mm."

"Umenikumbuka?"

"Mm-mm."

"Mwongo wewe! Huo mguno una tabasamu ndani yake."

"Mm-mm!"

Alimsimulia habari za mbasa, samaki wa ziwani, waliowakataa wavuvi, na mawimbi yaliyombebea viti vya kibanda. Tulinagwe alisikiliza akiwa amelala chali, uvimbe ukimwuma, akajikuta anaisubiri jioni tangu asubuhi.

Siku mipira ilipotolewa, alipiga yeye. Sauti ilitoka nzito, yenye kitembe.

"Andongwisye, wewe ni mshenzi."

"Ndaga fijo!" Andongwisye alipiga kelele. "Asante sana, mpenzi wangu! Ongeza jingine!"

Walipendana hivyo, kwa kugombana. Kisha ugomvi wa kweli ukaja.

Jumapili moja Andongwisye alikuja bila taarifa, shati jeupe, suruali yenye mkunjo wa pasi. Tulinagwe alikuwa kanisani. Aliporudi alimkuta sebuleni na mama yake, ameshika picha iliyotoka ukutani.

"Ndiye wewe huyu?"

"Ndiye."

"Mbona ulikuwa mzuri tu? Kusema kweli, Tuli, mama ana hoja. Mateso yote yale ya nini?"

Nyuma yake Mama Marta alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu binti arudi.

"Toka," Tulinagwe alisema.

"Kwani nimetukana? Nimesema ulikuwa mzuri!"

"Nimesema toka! Humu ndani nilikuwa na adui mmoja, umekuja kumwongezea nguvu."

"Una hasira za nyoka! Nani atakupenda hivyo?"

"Kama umeipenda picha, nenda nayo. Ioe!"

Andongwisye aliitupa picha kwenye kiti, akaondoka. Alipiga jioni ile, na jioni zilizofuata. Simu iliita mpaka ikachoka. Mama na binti hawakusemezana tena hata salamu.

Mwisho wa mavuno ya mpunga ukoo ulikusanyika Bujonde kulijengea kaburi la Mzee Hebroni. Ibada ilikwisha, masufuria yakafunuliwa. Samaki walikuwa wameletwa na Andongwisye. Mama Marta ndiye aliyemwagiza, makusudi, ili binti yake aumie. Tulinagwe alimwona kwa mbali, akamgeuzia mgongo.

Mpiga picha akaita watu. Shangazi Keziya, dada wa marehemu, akanyoosha fimbo yake.

"Wenye uso wa Hebroni wasogee kaburini. Wewe kaa huko huko. Wewe ni wa madaktari."

Wengine wakacheka. Tulinagwe hakusogea.

"Shangazi," alisema, kitembe kikimsumbua, "uliwahi kumwona baba akila?"

"Swali gani hilo?"

"Mimi nilimwona. Nilikuwa mdogo, nikamfuata. Alibeba sahani yake hadi nyuma ya migomba, akala kwa kuficha mdomo na kiganja, chakula kikimwanguka. Aliponiona alilia. Msibani alisema ameshiba, sikukuu akasema anafunga. Mama, siku ya harusi yenu alikula?"

Watu wote walimtazama Mama Marta. Alishusha macho, vidole vikichezea pindo la khanga.

"Hakula," alisema. "Alisema tumbo linamwuma. Nimeishi naye mpaka nimemzika, sijawahi kumwona akitafuna." Akalitazama kaburi. "Nilidhani anachukia mapishi yangu. Amekufa nimemnunia."

Shangazi Keziya aliishusha fimbo. Mkono wake ukapanda taratibu, ukakifunika kidevu chake mwenyewe. Hapakupigwa picha.

Andongwisye alimkuta Tulinagwe barabarani, anatembea peke yake kwa hasira.

"Sikujua, Tuli."

"Hukuuliza. Ulimwuliza mama, ukaiuliza picha."

"Nilikuwa mjinga."

"Sana."

"Nataka kukuoa."

"Hata samahani hujasema!"

"Samahani."

"Haitoshi."

"Najua. Ndiyo maana naomba unipe miaka mingi."

Tulinagwe alitaka kununa, lakini kicheko kilimponyoka, kikatoka upande mmoja maana upande wa pili ulikuwa bado na ganzi. Akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Lete wazee wako," alisema. "Ila wakifika wasimwulize mama nilikuwaje."

"Wakiuliza?"

"Waniulize mimi."

Andongwisye alitoa simu palepale, mpunga uliovunwa ukiwa mabua pande zote za barabara.

"Mjomba, shikamoo. Toa lile koti lako kabatini. Kuna mama huku Kyela tunakwenda kumwomba binti, na ni mkali, mjomba, ni mkali mno."

Tulinagwe akamnyang'anya simu.

"Shikamoo, mjomba," alisema polepole, kila neno akilisukuma mpaka litoke. "Na mimi pia ni mkali."