Homa Aliyoificha Edrine

Desemba ile ya 2013, siku ya nne tangu bunduki zianze kulia Juba, Gumbo nzima, mtaa wa ng'ambo ya Nile, ilikuwa kituoni ikigombania basi la Nimule, mpakani na Uganda. Kisakye, tabibu wa kliniki ndogo ya hapo, alikuwa ndani ya gauni lake la njano la kanisani, kwani begi lilikuwa limejaa. Alikwisha pata kiti alipomwona Edrine, aliyekuwa mchumba wake. Alimwacha miezi miwili nyuma, alipomkuta kwenye duka lake la dawa akiwauzia wenye vichanga panadoli ya maji badala ya kuwaambia waende hospitali, na bado alimpenda, la kuficha halikuwapo.

Edrine alikuwa na dada yake Ketty, na Ketty alikuwa na mtoto wa siku kumi na nane.

"Musawo, asubuhi huyu alikuwa moto," Ketty alisema, akimwita tabibu kwa Kiganda. "Sasa iko sawa, lakini ziwa anakataa."

Kisakye akashuka, akampima kwapani. Thelathini na saba kamili. Alitazama kitovu, akasikiliza pumzi, hakuona kasoro. Dereva alipiga honi. Akaanza kumwambia Ketty kwamba labda alimfunika nguo nyingi mno.

"Kisa, ngoja." Edrine alikuwa akitiririkwa na jasho. "Mimi nilimpa panadoli. Nilificha, nilijua ukisikia, mimi na wewe basi kabisa."

Kisakye alitamani kumzaba kibao. Kipimo kilikuwa kimemdanganya, kwani panadoli ilikuwa imeishusha homa. Kichanga wa umri ule akishikwa na homa, hata ikishuka, haaminiki kwa kutazamwa tu. Vijidudu huweza kuwa damuni au kwenye uti wa mgongo huku uso umetulia. Ilibidi atolewe damu, mkojo na maji ya mgongo, aanze sindano za dawa bila kungoja majibu. Na hospitali ilikuwa ng'ambo ya daraja, kwenye bunduki.

Basi likaondoka bila wao. Walivuka kwa miguu, Kisakye amembeba mtoto, Edrine mbele akiwabembeleza askari kwa Kiarabu chake kibovu.

Siku ya tatu hospitalini maabara wakasema vijidudu vimeota katika damu. Mtoto alikuwa ameanza kunyonya kwa pupa.

Ukumbini Kisakye akamwambia Edrine amwandikie baba yake yeye Kisakye barua, huko Masaka, kwamba anakuja kujitambulisha kwa posa.

"Baada ya nilichofanya?"

"Ungenyamaza, ningekurudia mle ndani ya basi," Kisakye akasema, "na mtoto angetufia mapajani."